Malenge Hayagawanywi

Siku yangu ya kwanza kufundisha hesabu katika shule ya sekondari, Mkuu wa Idara ya Hisabati alinitazama kuanzia viatu hadi mvi, kisha akaniuliza kama nimekuja kumwona mwanangu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetumikia shule za msingi kwa miaka mingi, nikajitia chuoni kusomea diploma wakati watu wa rika langu wanapanga harusi za watoto wao, na asubuhi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa mwalimu mgeni kwenye shule moja viungani mwa Kitale.

"Mimi ndiye mwalimu mpya," nikamwambia.

"Wewe? Haya bana, karibu. Chaki ziko kwa kabati. Fomu Tu, hao wa Kidato cha Pili, wanakungoja, wako kwa kugawanya polinomia. Si unajua hiyo?"

"Najua."

"Kila mtu anajuanga. Kufundisha sasa ndiyo kazi."

Kwa ninyi mliosahau, au mliotoroka somo hilo mkaenda kucheza kandanda, polinomia ni hesabu yenye vipande kadhaa vilivyoungwa kwa alama za kujumlisha au kutoa. Kwa mfano, 12x³ + 18x² + 6x ina vipande vitatu. Monomia ni kipande kimoja peke yake, kama 6x. Kugawanya polinomia kwa monomia ni kukichukua kila kipande, kimoja baada ya kingine, na kukigawanya kwa hicho kimoja. Namba za mbele unazigawanya kama ulivyofundishwa utotoni. Vile vidogo vinavyokaa juu ya herufi, yaani vipeo, unavipunguza kwa kutoa. Kwa hiyo 12x³ kwa 6x ni 2x², 18x² kwa 6x ni 3x, na 6x kwa 6x ni moja. Jibu ni 2x² + 3x + 1. Basi, ni hilo tu. Mtu mzima anaweza kulielewa akisubiri chai ichemke, na bado nimeona watoto werevu wakilia juu yake.

Mkuu wa Idara alikuwa na njia yake ya kulifundisha, nami nikaichukua yote bila kubadilisha kitu. Alikuwa mtu mnene, mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, na hakuamini mfano wowote usioweza kuliwa. Alichora shamba ubaoni. Katika shamba hilo kulikuwa na mahindi, katikati ya mistari kulikuwa na maharagwe, na chini yake malenge yakitambaa. Shamba moja, mazao matatu. "Mkivuna," aliwaambia, "na mko watu sita wa kugawana, mtagawana mahindi peke yake? Maharagwe mtaachia nani? Na malenge je?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba kila zao ligawanywe. Watoto wa Kitale walikuwa wameona mavuno yakigawanywa. Wengi walikuwa watoto wa watu waliolima mashamba kwa ushirika, na siku ya mavuno kila kitu kilitolewa nje kikapangwa mafungu mbele ya macho ya wote, hata yale malenge yaliyotobolewa na panya.

Miaka hiyo ya Kitale nilifundisha kwa furaha, na sasa najua sababu haikuwa hesabu. Shamba letu lilikuwa upande wa pili wa mji, na kila jioni nilipanda baiskeli nikarudi nyumbani kwa mke wangu. Watu walimwita Mama Nafula kwa jina la binti yetu wa kwanza, nami nilimwita hivyo hivyo. Nikifika, kabla sijaegemeza baiskeli, angeniuliza, "Leo umegawanya nini, Baba Nafula?" Nilikuwa namweleza huku nikila, naye alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za ukoo asioufahamu. Alinicheka sana. Ningetoa chochote leo kuchekwa vile tena.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Bungoma kulikuwa na upungufu wa walimu wa hesabu, na mimi mwenye diploma mpya nilionekana natosha kuziba pengo. Shule ilikuwa upande wa Kanduyi, mwendo wa kutembea kutoka uwanja wa michezo. Siyo mbali na Kitale, mtasema. Ni kweli, kwenye ramani siyo mbali. Lakini kulikuwa na masomo ya Jumamosi, zamu za wikendi, mechi za kusimamia, na barabara ya nyakati zile wakati wa mvua wacha niinyamazie. Nilikuwa nikifika kwangu mwisho wa mwezi, na miezi mingine sikufika kabisa. Mama Nafula hangeweza kunifuata. Mahindi hayajilimi, na ng'ombe hawajikamui.

Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuenea. Nikamnunulia ile ndogo yenye tochi, ile watu waliyoibandika jina la mulika mwizi. Ndani ya nyumba yetu haikushika mtandao hata kidogo. Mahali pekee iliposhika ni juu ya kichuguu kilichokuwa mwisho wa shamba, basi kila jioni, baada ya michezo, nikijua amemaliza kukamua, nilipiga, naye akapanda kichuguu akapokea. Chini ya kichuguu hicho ndipo alipopanda malenge yake, maana udongo wa pale ni mzuri. Nilikuwa nikisikia upepo kwenye simu na majani ya mahindi yakisuguana, na nilitamani nyumbani hadi nikahisi kiungulia.

Mwalimu Mkuu wa Bungoma alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Wiki yangu ya kwanza nilimwendea ofisini nikamwambia wazi kwamba nataka kurudi Kitale mapema iwezekanavyo. Hakuudhika.

"Mwalimu, mimi sifungi mtu kamba," alisema. "Lakini hii Fomu Tu yangu imekwama. Hesabu imewashinda kabisa. Wewe nisaidie wapite, mimi nitakutilia sahihi uende kwa mama watoto. Ama namna gani?"

"Ni sawa, Madam."

Nikatoka pale nikipiga mluzi. Kazi hiyo niliiona ndogo. Nilikuwa na shamba la Mkuu wa Idara mfukoni, na shamba lile halikuwa limewahi kuniangusha.

Nikaingia darasani, nikachora mahindi, maharagwe na malenge. Niliuliza maswali yale yale ya Kitale, nikaandika ubaoni ile ile 12x³ + 18x² + 6x, nikawaambia wagawanye kwa 6x. Nilipokusanya madaftari nikakaa kusahihisha, nilidhani wamenakiliana. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika 2x² + 3x + 6x. Vipande viwili vya kwanza vimegawanywa vizuri, vipeo vimepunguzwa bila kosa, halafu kipande cha mwisho kimekaa pale pale kama kilivyokuja, hakikuguswa. Nikawapa nyingine yenye vipande vinne. Vitatu vikagawanywa, cha nne kikaachwa. Nikafoka. Nikarudia. Niliwaambia wapige mstari chini ya kila kipande kabla ya kuanza, nao wakapiga mistari mizuri sana, kisha wakaacha cha mwisho.

Hilo si kosa la kawaida. Nimesahihisha hesabu miaka mingi na ninayajua makosa kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Wapo wanaogawanya kipande cha kwanza tu na kuondoka. Wapo wanaosahau vipeo. Wapo wanaosema 6x kwa 6x ni sifuri, kwa kuwa wameviona vimekatana na wanadhani hakuna kilichobaki. Lakini watoto wanaojua kabisa kugawanya, wakaacha kipande kimoja kwa makusudi, tena cha mwisho tu, hao sikuwa nimewaona. Nilianza kuona Kitale ikisogea mbali.

Siku moja nikamsimamisha msichana aliyeitwa Nanjala, mtoto wa kutoka Tongaren, mwenye mwandiko safi na macho yasiyoogopa mwalimu. Nikamuuliza kwa upole wa mtu aliyechoka, "Nanjala, hiki cha mwisho umekiacha kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba namtega. "Mwarimu, si hiyo ni marenge?"

"Ndiyo, malenge. Kwa nini hukuyagawanya?"

"Marenge haigawangwi, Mwarimu. Hiyo ni ya mama."

Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, ni ya mama." Mvulana wa nyuma akaongeza kwamba hata baba haulizi. Nikavuta kiti nikakaa, wakanieleza wakipokezana. Katika nyumba zao mahindi ni ya watu wote, yanagawanywa, ya kula na ya kuuza na ya karo. Maharagwe vilevile. Lakini malenge mama ndiye aliyeyapanda na mbegu alizozihifadhi mwenyewe, majani yake ndiyo mboga ya seveve anayopikia watu wakati chakula kimepungua, na lenge lenyewe humpa amtakaye, siku atakayo. Anayefika shambani na kuyahesabu malenge ya mama katika mgao ni mtu asiye na adabu. Nilikuwa nimewataka watoto wenye adabu wafanye jambo la aibu ubaoni, mbele ya wasichana na wavulana wenzao, nao wakanikatalia kimyakimya kwa wiki kadhaa.

Nilicheka hadi nikatoa machozi. Lakini kucheka hakukunipa mfano mwingine. Nilijaribu machungwa, nikajaribu viwanja, nikajaribu gunia la sukari. Walinisikiliza kwa heshima, na kichwani wakabaki na malenge. Jambo likishaingia na shamba haling'oki kwa machungwa.

Jioni moja nikampigia Mama Nafula. Sikumpigia kwa habari ya hesabu, wala yeye hakuwa na nafasi ya kuisikia, maana alikuwa amekasirika. Kijana mmoja wa ukoo wetu alikuwa amefika nyumbani kutoka mjini.

"Unajua alifanya nini? Aliingia kwa nyumba akasalimia kaka yako. Akasalimia na mzee wa kanisa. Mimi nimekaa pale karibu na moto, akaniruka! Ati akauliza chai iko wapi."

"Labda hakukuona."

"Baba Nafula, mimi ni sindano? Unaingia kwa nyumba ya watu unasalimia wawili, wa tatu unamwacha? Mkono unaumanga?"

Akadhani mtandao umepotea, akaniita mara kadhaa. Nilikuwa nimesimama kando ya uwanja, simu sikioni, nikiiona 6x ikiingia mlangoni.

Kesho yake nilipanga viti vitatu mbele ya darasa, nikakalisha wanafunzi watatu, nikampa kila mmoja kipande chake kwenye karatasi ashike kifuani. Nikamtoa Nanjala nje na karatasi yake ya 6x. "Wewe ni mgeni," nikamwambia. "Ingia kwa nyumba ya watu." Akaingia, akampa mkono wa kwanza, akampa wa pili, kisha akasimama mbele ya yule wa mwisho aliyekuwa ameshika 6x. Nikauliza darasa, "Huyu ni nyanya yenu, amekaa karibu na moto. Mgeni amruke?"

"Hapana!" Nadhani walisikika hadi Webuye.

"Monomia ni mgeni," nikawaambia. "Inapoingia inampa mkono kila aliyeketi. Hakuna anayerukwa." Ndipo yakaanza maswali, na hapo ndipo mwalimu hujua kwamba mambo yameiva. Je, kipande chenye alama ya kutoa mbele yake? Huyo ni mtu aliyenuna, nikasema, bado unamsalimia, na akimaliza kusalimiwa anabaki amenuna vilevile, kwa hiyo usiipoteze ile alama yake. Na mgeni akikutana na mtu aliye sawa naye kabisa, kama 6x na 6x? Nanjala na mwenzake wakapeana mikono, wakatazamana, na mtu akasema, "Inabaki moja, Mwarimu." Inabaki moja. Sikulazimika kulisema mimi.

Tangu siku hiyo waliniita Mwalimu Mpe Mkono. Mwisho wa mwaka Kidato cha Pili walipita hesabu kuliko mwaka wowote ambao Mwalimu Mkuu aliweza kukumbuka. Nilinyoosha shati langu vizuri, nikaenda ofisini kwake na fomu ya uhamisho.

Aliisoma, akaiweka kando, akavua miwani. "Mwalimu, si unaona mwenyewe? Nikuachilie sasa? Hawa watoto nitapatia nani?"

"Madam, uliniambia wakipita..."

"Nilisema. Nilidhani wakipita hata mwalimu mwingine ataweza kuendelea nao. Sasa ni wewe wanataka. Ngoja kidogo tu, niletewe mwingine."

Nilimpigia Mama Nafula. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na kitu ndani yake. "Basi wafundishe vibaya kidogo," akasema. "Waharibikie, wakurudishe kwangu." Nikamjibu kwamba nitajaribu. Na kweli nilijaribu, siku moja tu, niliingia darasani bila kujiandaa. Watoto wakajipanga wenyewe kwenye viti, wakaanza kupeana mikono bila mimi. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikashindwa kufundisha vibaya.

Ule ungoja-kidogo ulivuka mwaka, ukavuka na mwingine. Afisa wa Elimu wa Wilaya, niliyemwendea mara nyingi hadi mlinzi wake akawa rafiki yangu, aliniambia nitafute mwalimu wa Kitale atakayekubali kubadilishana nami. Nikampata, akaugua. Nikampata mwingine, akaolewa Eldoret. Nanjala alimaliza Kidato cha Nne akaenda zake chuo cha ualimu. Mama Nafula alizidi kupanda kichuguu jioni, na sauti yake ikaanza kuwa na pumzi nyingi ndani yake. Akasema ni uzee. Akasema ni kile kichuguu kinachokua, hata wakati tunalala kinakua. Nilicheka.

Nilipofika umri wa kustaafu walinifanyia sherehe nzuri. Nilipewa blanketi na saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayestaafu anahitaji kujua saa. Mwalimu Mkuu alisimama, akasema mbele ya wote kwamba alikosea kutoniachilia kwa kuwa alikuwa mchoyo wa mwalimu mzuri. Nilimpa mkono. Nilimpa mkono kila mtu aliyekuwa pale, hadi mpishi, kisha nikarudi Kitale.

Tulipata msimu mmoja. Tulipanda pamoja mvua za kwanza zilipoanguka, mimi nikifuata mstari wa mahindi, yeye na mbegu zake za malenge kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, akizitia pale pale penye kichuguu. Alinikataza kumsaidia. "Wewe gawanya yako," akasema. Jioni tuliketi nje, na kwa mazoea simu yangu ilikuwa mkononi mpaka aninyang'anye. Mahindi hayajakauka, pumzi zake zilikwisha. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo, na sitaki.

Watu walikuja wengi. Tulikaa kwenye mstari, mimi, Nafula na mdogo wake Wekesa, na kila aliyeingia alitupa mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyerukwa. Niliendelea kutazama ile nafasi karibu na moto.

Ninyi walimu vijana mnaniuliza mara kwa mara kazi hii inamwachia mtu nini. Inawaachia watu wengine kitu, hilo najua. Juzi nilikutana mjini na fundi wa nyumba aliyepitia darasani kwangu Kanduyi, akaweka chini koleo lake ili anipe mkono vizuri. Lakini mimi ningeirudisha miaka ile yote ya Bungoma, sifa zake na saa yake ya ukutani, nipewe zile jioni zilizopotea juu ya kichuguu. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na bado najua kwamba kesho yake mtu angeniletea watoto waliokwama, ningeingia darasani.

Mwaka ule wa msiba, watoto wangu walikuja kuvuna. Tulitoa mahindi nje tukayapanga mafungu, la Nafula, la Wekesa, la kwangu, la kanisa. Maharagwe tukayafanya vivyo hivyo. Wekesa ni mtu wa kumaliza kazi. Akachukua mkokoteni akaenda mwisho wa shamba, akarudi umejaa malenge makubwa ya rangi ya machungwa, mengine bado na udongo wa kichuguu, akaanza kuyapanga kwenye mafungu.

"Haya nayo tugawanye, Baba. Ndiyo imebaki tu."

Nafula akanitazama. Nilikuwa nimetumia maisha yangu ya kazi kuwaambia watoto wa watu kwamba cha mwisho nacho ni lazima kigawanywe, nikawawekea alama nyekundu daftari baada ya daftari.

"Yarudishe," nikamwambia Wekesa. "Malenge hayagawanywi. Hayo ni ya mama."